Milango Iliyofungwa ya Murara: Tukumbuke Bila Kugombana

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyoandikwa ili yasomwe katika makundi ya jamaa zilizohamishwa na katika mikutano ya wakubwa wa kata



  Leo tutazungumza juu ya maduka yaliyofungwa katika mji wetu wa Goma, hasa hapa Murara, na juu ya majengo yaliyobaki nyuma yao.

Pengine utasema: "Sisi tunatafuta unga wa watoto, na wewe unatuletea habari za maduka yaliyokufa?" Nivumilie kidogo. Kazi yangu ni elimu ya uraia, na chuo kikuu nilisoma sheria. Kazi hiyo imenikalisha mara nyingi katikati ya watu wanaogombania ukuta, kibanda, au mlango wenye kufuli la kutu. Na mara nyingi gomvi huanza kwa neno moja: "Duka la baba yetu lilifungwa kwa sababu ya watu wa kabila fulani." Ukiuliza taratibu lilifungwa mwaka gani, na siku ile kulitokea nini, unakuta si kabila lililolifunga. Lilifungwa na amri ya Serikali, au na moto wa mlima, au na deni, au na askari waliokuwa wakipora kila mtu bila kuuliza jina.

Basi, kujua kwa nini kila duka lilifungwa ni kazi ya amani. Mahali ambapo historia haijulikani, chuki huingia na kuandika historia yake.

MAHALI TULIPO

Kata ya Murara iko katika komini ya Karisimbi. Iko jirani na sehemu ile ya biashara ambayo watu wote huiita Birere, na si mbali na mpaka wa Gisenyi. Kwa hiyo tangu zamani hapa ni mahali pa kununua na kuuza. Maharagwe na viazi vya Masisi na Rutshuru, vikwembe, sukari, chumvi, vyuma vya baiskeli, vyote vimepita hapa. Mpishi wa mikate alimhitaji muuza kuni, muuza kuni alimhitaji fundi wa chukudu, na fundi alimhitaji mwenye misumari. Hawakuwa wa lugha moja nyumbani, lakini dukani walikuwa na lugha moja, nayo ni Kiswahili hiki tunachosema sasa.

Sasa tuhesabu pamoja nyakati ambazo milango hiyo ilifungwa.

WAKATI WA KWANZA: AMRI YA 1973

Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza mpango ulioitwa Zairianisation. Maduka, mashamba makubwa na biashara za wageni, yaani Wagiriki, Wareno, Wahindi, Wabelgiji na wengine, vilitolewa mikononi mwao na kupewa wananchi wa Zaire. Waliopewa waliitwa kwa Kifaransa acquéreurs. Katika Kivu mpango huu ulifika katika mashamba na katika maduka ya mijini.

Nia iliyotangazwa ilikuwa nzuri masikioni: mali ya nchi irudi kwa wenye nchi. Lakini mali hiyo haikufika kwa mama wa sokoni. Sehemu kubwa ilifika kwa wakubwa na rafiki zao. Wengi waliuza vitu walivyovikuta, wakala feza, wala hawakuleta vingine. Shelfu zikabaki tupu, na wafanyakazi wakarudi nyumbani bila mshahara. Kufikia mwisho wa 1975 Serikali yenyewe ilianza kugeuka, na mwaka 1976 ikawaita wenye mali wa zamani warudi kuchukua sehemu ya mali zao. Wengine walirudi. Wengi hawakurudi tena.

Tunajifunza nini? Kwamba karatasi ya mkubwa inaweza kukupa jengo kwa siku moja, lakini haikupi kazi iliyokuwa ndani ya jengo hilo. Duka ni kuaminiana na yule anayekuletea mali, na wateja wanaokujua, na daftari la madeni. Vitu hivyo havitolewi kwa amri.

BENKI YA NCHI TATU

Nenda mjini mpaka kwenye mzunguko unaoitwa BDGL. Kila dereva wa taxi-moto anaujua. Lakini muulize kijana: herufi hizo ni za nini? Wengi watakuambia, "Ni jina la mahali tu."

Ndugu, lile ni jina la benki. Tarehe 20 Septemba 1976, huko Gisenyi, Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda umoja wa CEPGL. Chini ya umoja huo ikaundwa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Maziwa Makubwa, na makao yake makuu yakawekwa hapa Goma. Fikiria neno hilo: nchi tatu, ambazo leo watu huzitaja kwa woga na lawama, zilikubali kuweka feza zao katika nyumba moja, mjini kwetu, ili zikopeshe kazi za faida kwa wote.

Katika miaka ya 1990 vita viliingia katika nchi zote tatu, na kazi ya benki hiyo ikasimama. Kilichobaki midomoni mwetu ni herufi nne na mahali pa kushukia abiria. Mimi nasema tuwaambie watoto maana yake. Mtoto anayejua kwamba majirani waliwahi kuwa na benki moja hatadanganywa kirahisi na anayemwambia kwamba majirani hawa hawakuwahi kupatana hata siku moja.

WAKATI WA UPORAJI NA VITA

Hapa nitapita haraka, kwa maana wengi wenu mliona kwa macho. Septemba 1991, na tena mwanzo wa 1993, askari wasiolipwa mshahara walipora maduka katika miji mingi ya Zaire. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, karibu milioni moja, waliingia upande wa Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Novemba 1996 vita vya AFDL viliingia mjini, na Agosti 1998 vita vya RCD vikaanza.

Kila mara wenye maduka walifunga, wakakimbia, na wengine wakarudi kufungua. Wengine walifunga mara moja tu, na kufuli likabaki. Kumbuka neno hili: katika uporaji, aliyeporwa na jirani yake wa kabila lingine waliporwa usiku mmoja. Mwizi hakuwagawanya. Ni sisi tulioanza kugawanyana baadaye.

MOTO WA MLIMA, 2002

Sasa nifike kwenye siku ambayo mimi mwenyewe naikumbuka. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka upande wa kusini. Moto ulishuka, ukafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ukakata mji katikati, ukapita katika sehemu ya biashara, ukaingia ziwani Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba, na mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi na Sake. Siku chache baadaye makumi ya watu walikufa tena, stesheni ya petroli ilipolipuka wakati watu walikuwa wakichota mafuta.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mama yangu alikuwa amempelekea fundi cherehani wa Murara kikwembe chake, pamoja na avansi ya feza. Tulikimbia Gisenyi. Tuliporudi, mawe bado yalikuwa na moto chini, viatu vya plastiki vikaanza kulainika. Tulitafuta duka la fundi, hatukuona duka wala avenue. Palikuwa na jiwe jeusi tu, na moshi.

Baada ya majuma machache tulimkuta fundi kando ya barabara, na cherehani ya kuazima. Zake tatu zilikuwa zimefunikwa. Kitu alichokimbia nacho kilikuwa daftari, katika mfuko wa plastiki: majina ya wateja, vikwembe vyao, na avansi zao. Akamwambia mama, "Nguo yako imekufa, lakini deni lako liko hapa." Alilipa kwa kushona. Uniforme yangu ya Septemba ile ilitoka katika deni hilo.

Habari haikuishia hapo. Miaka ilipita, watu wakajenga juu ya mawe. Alama za mipaka zilikuwa chini, hakuna aliyeziona. Watoto wa fundi wakaanza kuweka ukuta mahali duka lilipokuwa. Watoto wa mzee mwingine wakaja na nyundo, wakisema ni parseli ya baba yao. Jamaa hizo mbili hazikuwa za kabila moja, na mara moja vijana wa pande zote mbili wakaanza kukusanyika. Watoto wa fundi hawakuwa wezi. Tangu utoto walimwona baba yao akifungua mlango ule kila asubuhi, na kila mtu aliuita "kwa fundi."

Fundi mwenyewe, mzee sasa, akaitwa na mkubwa wa avenue. Akaja na daftari lile lile. Nyuma ya majina ya wateja alikuwa ameandika kodi aliyolipa kila mwezi, na jina la yule aliyempokea. Akasema mbele ya watoto wake, "Duka lilikuwa langu. Nyumba haikuwa yangu." Gomvi likaisha siku ile, na jamaa ya mwenye parseli wakampa kijana wake chumba cha kukodi, ashone hapo.

Wahenga wetu walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza: daftari la kweli humsaidia hata yule ambaye halikumpa mali.

BAADA YA HAPO

Mji ulijengwa upya juu ya jiwe lake. Mnaona mpaka leo nyumba ambazo gorofa yake ya juu iligeuka kuwa chumba cha chini, kwa sababu chini pamejaa mawe. Mawe yale yale tunayavunja, tunajengea misingi na kuta.

Kwa sababu njia ya ndege ilikuwa imefupishwa na moto, hatari ilikaa karibu nasi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka, ikaangukia Birere, katikati ya maduka na nyumba, ikaua watu wapatao 40, wengi wao wakiwa chini, katika shughuli zao. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege nyingine ndogo iliangukia nyumba za jirani, upande wa Mapendo. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid, na biashara ndogo nyingi zilizotegemea Gisenyi zikakosa pumzi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Tarehe 27 kata 10 ziliamriwa kuondoka, Murara ikiwa moja wapo, na milango ikafungwa kwa siku nyingi.

Halafu, mwisho wa Januari 2025, baada ya mapigano makali, mji uliingia mikononi mwa M23. Maduka na depo viliporwa. Benki zilifunga milango, na mwenye akiba yake hakuweza kuifikia. Kambi za wahamishwa zilizozunguka mji zikavunjwa, watu wakatawanyika tena. Sikuja kwenye redio kuhukumu upande. Nimekuja kukuuliza: je, kesho jamaa hizo zikirudi, sisi tuliobaki tutasema nini juu ya kuta zao?

SHERIA INASEMA NINI?

Kwanza, elewa kwamba ardhi na jengo ni vitu viwili mbele ya sheria yetu. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Mwananchi hupata haki ya kuitumia, na uthibitisho mkubwa wa haki hiyo ni cheti cha kuandikishwa, kile ambacho Kifaransa huita certificat d'enregistrement. Karatasi za kata na za muuzaji ni mwanzo wa njia, lakini si mwisho wake. Cheti kikikaa miaka 2 bila kupingwa, ni vigumu sana kukivunja. Kwa hiyo ukisikia mtu ametoa cheti juu ya parseli yako, usikae ukilalamika kambini. Tafuta msaada wa mwanasheria mapema.

Pili, kufunga mlango si kutupa mali. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu binafsi na mali ya jamii. Hata Serikali haiwezi kumnyang'anya mtu isipokuwa kwa faida ya wote, na baada ya kumlipa kwa haki. Na sheria ile ya 1973 inahesabu kuwa ni kosa kutumia ardhi bila haki inayotoka katika sheria au mkataba. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, wa mwaka 2009, nao unataka mali walizoziacha nyuma wahamishwa zilindwe.

Tatu, tofautisha watu wanne: mwenye parseli, mpangaji, mwenye biashara, na mfanyakazi. Pengine ni mtu mmoja, pengine ni wanne. Kila mmoja ana haki yake. Mfanyakazi anaweza kudai mshahara, hawezi kudai nyumba. Mpangaji anaweza kudai mashine zake, hawezi kudai ukuta. Magomvi mengi niliyoyaona yalitoka katika kuchanganya watu hawa wanne.

TUFANYE NINI?

Wakubwa wa kata na wa avenue, nawaomba jambo moja linalowezekana hata bila feza nyingi. Anzisheni daftari la kumbukumbu la majengo ya biashara yaliyofungwa. Kwa kila jengo andikeni: jina ambalo watu waliita mahali pale, kazi iliyofanywa ndani, nani alikuwa na parseli, nani alipanga, majirani wa pande nne, mwaka wa kufungua, mwaka wa kufunga, na sababu ya kufunga. Mashahidi wasipungue watatu, tena wasiwe wa jamaa moja. Fanyeni nakala mbili, zikae nyumba mbili mbalimbali.

Kuna mambo mawili ya kutoandika. Msiandike kabila la mtu, kwa maana ukuta hauna kabila. Wala msiandike mahali ambapo jamaa iliyokimbia inakaa sasa. Daftari linaweza kuanguka mikononi mwa mtu mbaya, na karatasi tuliyoiandika kwa amani ikaleta kilio.

Tena muwaambie watu wazi: daftari hili si cheti, wala halimpi mtu parseli. Ni ushahidi wa majirani, wa kumsaidia hakimu au mpatanishi siku itakapofika.

Na wewe, mama au baba uliyehamishwa, huko uliko, keti na watoto wako jioni moja. Waambie duka lilikuwa wapi, nani alikuwa jirani, nani alikukopesha sukari siku mtoto alipougua. Waambie na madeni yako pia, si ya wenzako tu. Usiwaambie, "Walitufukuza wale." Waambie ulichokiona kwa macho yako, na mahali ambapo hukuona, nyamaza. Mtoto anayepokea habari ya kweli anarudi nyumbani kutafuta jirani. Aliyepokea habari ya uchungu peke yake anarudi kutafuta adui.

Na wewe unayekaa leo ndani ya jengo la mtu aliyekimbia, labda kwa sababu nawe ulifukuzwa kwako, sikutukani. Lakini linda ulichokikuta. Usivunje ukuta, usiuze mabati. Mwambie mkubwa wa avenue kwamba uko hapo, na kwamba unajua si pako. Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha siku mwenyewe atakapogonga mlango.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja duka au karakana moja iliyofungwa katika avenue yako. Ilifungwa mwaka gani, na kwa sababu gani? Nani aliona?

2. Je, kuna sababu mnayoisikia juu ya jengo fulani ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeiona kwa macho?

3. Katika jengo hilo, nani alikuwa mwenye parseli, nani mpangaji, nani mwenye biashara, nani mfanyakazi?

4. Kama fundi wetu angekuwa baba yako, ungefurahi alipotoa daftari lile? Jibu kwa kweli.

Ndugu zangu, muda wetu umekwisha. Mkipita Murara kesho, mkiona mlango wenye kufuli la kutu, simameni kidogo muulizane: hapa palikuwa kwa nani? Akijibu mzee mmoja, mwulizeni na wa pili.

 Amani iwe katika nyumba zenu, hizi mnazokaa na zile mlizoziacha.